Kawira Hasalimii Watu

Kama hujawahi kufanya kazi hotelini, huenda hujui kwamba shuka chafu hazipandi lifti na wageni. Kila ghorofa ina kimlango cha bati ukutani, ndani ya stoo ya wasafisha vyumba, na nyuma yake kuna bomba pana linaloshuka moja kwa moja hadi londri, chini kabisa ya jengo. Unafungua, unatupa, unafunga. Sisi tuliliita Shimo. Asubuhi moja nilikuwa ghorofa ya tisa, nimekumbatia mzigo wa shuka, nina hasira na mgeni aliyepangusa viatu kwa taulo za uso. Nilipofungua kimlango nitupe mzigo wangu, nikasikia mtu anaimba huko chini.

Mimi si mtu wa kusisimka ovyo. Nimelelewa Kakamega, kwaya nimezisikia za kila aina, nyingine zilistahili kushtakiwa. Lakini sauti ile ilinisimamisha. Ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, inapanda bila kujikamua, na ilipofika juu haikujionyesha, ilikaa tu pale kama iko kwao. Wimbo ulikuwa wa Kimeru, lugha ambayo sijui hata kuombea maji. Niligundua nalia baadaye, shuka zilipokuwa zimelowa.

Habari hazikai hotelini. Punde si punde stoo ya kila ghorofa ilikuwa na mtu ameegemea ukuta, kimlango kiko wazi, anasikiliza. Na ukisikiliza huwezi kutupa shuka, kwa sababu ukitupa unamfunika mwimbaji. Basi shuka zikabaki juu. Londri ikakosa kazi asubuhi na kufurikwa jioni. Wakubwa wakaitisha kikao, wakazungumzia nidhamu ya shuka, kisha wakamleta fundi achunguze kama bomba limeziba. Fundi alipiga bomba kwa nyundo, akaandika kwamba liko salama, akapewa chai.

Aliyekuwa anaimba ni Kawira, na hakuna hata mmoja wetu aliyemdhania.

Kawira tuliishi naye chumba kimoja katika makazi ya kampuni, mtaa wa Najma, hapa Doha. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Alikuwa mrefu, akitembea karibu na ukuta kana kwamba katikati ya njia kuna mtu wa heshima anapita. Ukimsalimia alitikisa kichwa. Ukimsalimia tena alitafuta kitu mkobani. Wakenya wa Doha walikuwa wameshamhukumu kitambo: anaringa. Sisi tunasamehe mengi. Mtu akikutapeli, mwaka ukipita mnakunywa naye chai. Lakini asiyesalimia watu hana msamaha. Nairobi hatujui jina la jirani wa ukuta kwa ukuta, ila tukishuka ndege Doha kila mmoja anadai ashikwe mkono na aulizwe habari za kwao.

Siku moja nilitumwa londri kuchukua foronya. Nikamkuta katikati ya mashine za kukaushia, ameupa mlango mgongo, anaimba huku anakunja taulo. Aliponiona alinyamaza papo hapo. Mimi sikusema kitu, na wanaonijua watakuambia huo ni muujiza. Niligeuka, nikampa mgongo, nikaanza kukunja taulo na mimi. Tukamaliza lundo la kwanza. Halafu akaendelea kuimba. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki, kwa kupeana migongo.

Ilinichukua muda kujua kilichomfanya awe hivyo, na kilikuwa kinampigia simu kila Ijumaa.

Mama Kawira ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao huko Nkubu, na ndiye kiongozi wa kwaya. Sauti yake haihitaji spika. Simu ikiwa imefunikwa na mto, bado chumba kizima kilijua bei ya majani chai na nani amezaa. Ijumaa, siku ya mapumziko Doha, ndiyo siku ya ibada yetu huku, kwa hiyo kila Ijumaa alikuwa na swali moja.

"Ulisimama?"

Maana yake, je, ulisimama kanisani ukasalimia watu. Kawira alikuwa akijibu kwa sauti ya mtu anayeungama kwa polisi: "Bado, Mama."

Utotoni alikuwa katika kwaya ya watoto, mama yake akiiongoza. Siku ya wageni, mama akamtoa mbele asalimie kabla ya kuimba. Mtoto akasimama pale, mdomo umefungwa, wageni wanangoja. Mama alimshika mkono akamrudisha kwenye benchi na hakumrudisha kwenye kwaya tena. "Siwezi kuwa na mtoto wa kuimba ambaye hasalimii," akasema. "Watu watasema sikumlea." Kuanzia hapo Kawira aliimba mahali ambapo mama yake hayupo: kisimani, shambani, na mwishowe chini ya ardhi ya nchi ya watu. Mama hakuwahi kumsikia akiwa mtu mzima.

"Nataka anisikie mara moja," Kawira aliniambia, tumepeana migongo kama kawaida. "Si lazima asifu. Asikie tu ajue niko."

Nilitaka kumwambia apige simu sasa hivi aimbe. Lakini mtu aliyeondolewa kwaya na mama yake hawezi kupiga simu tu akaimba. Nikafunga mdomo, mara ya pili mwaka huo.

Kisha akaja Arnold.

Arnold alikuwa msimamizi wa walinzi wa lango la nyuma, lakini hiyo, kwa maneno yake, ilikuwa ya kushikilia tu. Kazi yake hasa ilikuwa kukuza vipaji. Alikuwa na kadi za kugawa zilizoandikwa Mkurugenzi Mtendaji. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alikuwa amewahi kumkuza mchekeshaji ambaye alirudi Machakos bila kumchekesha mtu, na mcheza densi ambaye sasa ni dereva na amekataza jina la Arnold litajwe ndani ya gari lake. Alisikia habari za Shimo, akapanda ghorofa ya nne, akaingiza kichwa chote kwenye kimlango ili asikie vizuri. Kofia yake ya ulinzi ikadondoka. Alipoteremka kuifuata, akaikuta kwenye lundo la shuka mbele ya Kawira, ambaye alikuwa hajamwona na alikuwa katikati ya wimbo.

"Sista," Arnold akasema, "wewe ni dhahabu na unakaa kwa mavumbi."

Kawira akaangalia sakafu.

"Nitakuweka kwa stage. Sherehe ya chama. Tutarusha laivu. Hata mamako huko Meru atakuona kwa simu."

Arnold humwambia kila mtu hivyo. Angemwambia hata paka wa sokoni Souq Waqif kwamba mama yake atamwona laivu. Lakini kwa Kawira hilo neno moja liliingia. Aliinua macho, akauliza, "Mama ataona?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia mwanamume hapa Doha ambayo hayakuhusu shuka.

Arnold akaamua tumjaribu kwanza kanisani. Ijumaa hiyo ibada iliongozwa na Mzee Mutai, mtu wa ofisi ya uhasibu, mwenye suti ya rangi ya maziwa na imani isiyokunjika. Alimpa Kawira kipaza sauti vizuri tu.

"Dada yetu ana wimbo. Dada, kabla ya wimbo, salimia kanisa."

Unajua salamu zetu. Unasema Bwana asifiwe, wanajibu Amina. Unasema tena, kwa sababu Amina ya kwanza haitoshi kamwe. Unataja jina, unakotoka, siku uliyookoka, unamshukuru mchungaji, na mama mchungaji, hata kama hayupo. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kufanya kile ulichokuja kufanya.

Kawira alishika kipaza sauti. Midomo yake ikasogea. Hakuna kilichotoka.

"Tunangoja, dada," akasema Mzee Mutai.

Watu wakampigia makofi ya kumtia moyo, yale ya kumtia mtu hofu. Hakuna hata mmoja, katika ukumbi uliojaa wapenzi wa nyimbo, aliyesema mwacheni aimbe. Mimi nilisimama niseme, mwenzangu akanivuta sketi nikakaa. Kawira akarudisha kipaza sauti, akatoka nje kupitia kando ya ukuta. Mzee Mutai akafunga macho na kukemea roho ya majivuno.

Hiyo ilitosha kwa mtu mwenye akili. Arnold akaona shida iko wapi, na hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu aliiona kama Mkenya.

"Kuimba anajua," aliniambia. "Hapo hakuna wasiwasi. Kitu tunafaa kufanyia mazoezi ni salamu."

"Arnold, si aimbe tu bila salamu?"

Aliniangalia kama nimemwambia aende mbele ya watu bila suruali. "Millicent, huwezi simamisha mtu aimbe tu hivyo. Watu watasema nini?"

Ndipo mazoezi yakaanza. Kwenye kantini, kwenye basi la kampuni, kwenye ngazi za nyuma, Arnold mbele na Kawira akimrudia kwa sauti ya chini. Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Kwa majina ninaitwa. Akamfundisha kutabasamu kwenye neno "nimeokoka" na kutua baada ya "mwenyekiti". Akamfundisha kuinua mkono usio na kipaza sauti. Kawira alijifunza, kwa sababu kila alipochoka Arnold alisema neno lile moja, mama. Na hakukuwa na nafasi ya kitu kingine. Aliporudi kwenye taulo zake alifanyia salamu mazoezi. Siku nilipofungua Shimo nisikilize wimbo wangu wa asubuhi, kilichopanda kutoka chini kilikuwa "Bwana asifiwe", na kutoka ghorofa ya sita mjinga mmoja akaingiza kichwa na kujibu, "Amina."

Ghorofa zote zikaanza kujibu. Walivunjika mbavu kwa kicheko. Mimi sikucheka. Shuka zikaanza kushuka kwa wakati, na wakubwa wakatutumia barua ya pongezi.

Sherehe ilikuwa ya Chama cha Umoja na Ustawi wa Wakenya wa Najma na Viunga Vyake, jina ambalo ukilisoma lote kwenye bango hubaki nafasi ndogo ya tarehe. Ilifanyika Ijumaa alasiri katika ukumbi wa kukodi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na mlinzi wa ukumbi alitueleza tangu mwanzo kwamba Maghribi ikiingia anafunga. Kila mtu alikubali. Kukubali tunakubali haraka sana.

Huko Nkubu, Mama Kawira alikuwa amewaita akina mama wote. Walikuwa wameunganisha simu ya mkwewe na televisheni, chai imepikwa, na kwenye laivu ya Arnold maandishi yao yalikuwa yakipita chini ya skrini: tunamngoja msichana wetu. Niliyaona kwa simu yangu. Kawira alikuwa amekaa kando yangu na gauni la kitenge, macho yake yanawaka. Hofu alikuwa nayo, sisemi uongo. Furaha pia alikuwa nayo, na sikuwa nimewahi kumwona nayo.

Ratiba ilisema wimbo utakuwa wa tatu. Kwanza ilikuwa sala. Pili ilikuwa utambulisho.

Mwenyekiti Githinji, ambaye ni mtaalamu wa kompyuta, alikuja na picha za kuonyesha ukutani, na kompyuta ikakataa kufunguka. Tulitazama mtaalamu akihangaika mpaka akaamua kueleza picha kwa mdomo, moja baada ya nyingine. Makamu wake akasimama kusema kwamba hana mengi ya kusema, na akasema mengi yote. Mweka hazina akatambua wageni. Mtu akapiga kelele kwamba kuna mgeni hakutambuliwa, basi akatambuliwa, naye akaombwa asalimie, akasalimia kwa niaba yake, kwa niaba ya wauguzi, na kwa niaba ya mume wake aliye kazini. Madereva wakaona wamesahaulika. Walinzi nao. Kila aliyesimama alianza kwa kusema muda umetubana. Huko Nkubu akina mama walikuwa wakijibu Amina kwa maandishi.

Nilienda kwa Arnold. Nikamwambia, "Mpandishe sasa, ama nitapanda mimi, na mimi sitaimba."

Mlinzi wa ukumbi alikuwa tayari mlangoni akigonga saa yake ya mkononi. "Khalas," alikuwa akisema, bila hasira, kama mtu aliyezoea watu wa aina yetu. "Khalas, yalla." Yaani imekwisha, twendeni.

"Dakika mbili," Arnold akatangaza. "Salamu na wimbo, Kawira wa Meru."

Akapanda. Akashika kipaza sauti. Ukumbi ukanyamaza, maana wote walikuwa wanamjua kuwa ni yule anayeringa. Na Kawira akasalimia.

Siwezi kumnyima haki yake. Bwana asifiwe yake ilifika hadi ukuta wa nyuma. Alitaja jina, alitaja Nkubu, alitabasamu kwenye neno "nimeokoka", akatua baada ya "mwenyekiti", akainua mkono. Mwisho akasema, na hili Arnold hakumfundisha, "Namsalimia mama yangu. Mama, nimesimama."

Watu walisimama wote. Makofi, vigelegele, kiti kikaanguka. Githinji alifuta macho kwa tai. Unajua tulikuwa tunampigia nani makofi? Tulikuwa tunajipigia sisi. Mtu asiyesalimia amesalimia, kazi imekwisha, nani anakumbuka alikuja kufanya nini. Mzee Mutai akapanda jukwaani amejaa machozi, akamwondolea Kawira kipaza sauti mkononi kwa upole, na kusema hatuwezi kuacha jambo kama hili lipite bila maombi. Akaomba. Akaombea mabinti wote, akaombea familia, akaombea nchi zote mbili, na alipokuwa njiani kuelekea bara zima taa zikazimika. Mlinzi alikuwa ameanza na za nyuma. Laivu ikakatika.

Kawira alibaki jukwaani kwenye giza la nusu, mdomo wake umefunguka kidogo, pumzi ya wimbo imeshaingia. Nilimwona akiitoa taratibu bila sauti.

Basi tulilokodi lilikuwa limeegeshwa nje, mlango wazi, tukimngoja Arnold akusanye spika zake. Dereva, Mnepali, alikuwa anakula biskuti. Kila aliyepanda alimshika Kawira mkono. Hongera dada. Umefunguka dada. Sasa wewe ni mtu wetu. Naye aliwajibu wote, asante, asante, vizuri kabisa, na mimi nilitamani kumpiga mtu. Mzee Mutai alikaa kiti cha mbele, na kwa bahati yake mimi nilikuwa nyuma.

Simu ikalia. Hakukuwa na haja ya kuiweka sauti juu.

"Kawira! Umesimama!" Mama alikuwa analia kwa furaha, akina mama nyuma yake wanapiga vigelegele. "Wote wamekuona. Hata mke wa mchungaji. Umenitoa aibu ya miaka, mwanangu."

"Mama, kulikuwa na wimbo."

"Wimbo gani tena?"

"Nilikuwa niimbe. Nilikuwa nataka unisikie nikiimba."

"Achana na wimbo. Kuimba kila mtu anaimba. Mimi hapa nina kwaya nzima ya watu wa kuimba. Kusimama mbele za watu ndiyo kitu nilikuwa naomba Mungu."

Basi zima lilisikia, na mbele huko Mzee Mutai akatikisa kichwa kukubali. Arnold akapanda na spika zake, ametokwa na jasho, akasema, "Show imeweza," akakaa. Kawira alikuwa ameishikilia simu mbele ya kifua chake na kuiangalia. Nikadhani atalia. Ningemwelewa.

Akaanza kuimba.

Ulikuwa ule wimbo wa kwanza niliousikia ghorofa ya tisa. Mara hii hapakuwa na bomba wala mashine, na hakuna mtu aliyempa mgongo. Aliimba ameketi wima, simu mkononi, macho yake kwenye ile picha ndogo ya mama yake inayotokea akipiga simu. Dereva aliacha biskuti. Arnold alivua miwani, na kwa mara ya kwanza niliona ana macho ya kawaida tu.

"Haloo?" Mama akasema. "Kawira? Kuna redio hapo inapiga kelele. Mwambie dereva azime, akina mama wanataka uwasalimie."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimemwandalia yule mama maneno tangu Ijumaa ya kwanza, na yote yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Kawira akanigusa goti kuninyamazisha.

"Haizimiki, Mama," akasema. "Ni mimi."

"Wewe? Haya, salimia kwanza, halafu..."

"Sisalimii."

Akaendelea pale alipoachia, bila kungoja aambiwe. Alikwenda mpaka mwisho wa ubeti, akavuta pumzi, akaingia wa pili. Upande wa Nkubu vigelegele vilikuwa vimekwisha. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, na mtu akimwambia mwenzake "shh". Mama Kawira, ambaye sikuwahi kumsikia akinyamaza, hakusema neno, na simu haikukatwa.